"Hii Gari Haisimami Mpaka Morogoro": Safari ya Krismasi Iliyomfunza Baba Mmoja wa Kimara

Picha ilipopandishwa Instagram siku mbili kabla ya Krismasi, ilionekana ya kawaida tu. Baba, mama, binti wa miaka saba na dogo wa miaka miwili, wote wameukumbatia mbuyu mkubwa kando ya barabara, meno nje. Chini yake mama ameandika neno moja: "Safarini." Mioyo ikamiminika.

Ambacho picha haikuonyesha ni kwamba saa tano kabla ya hapo, ndani ya gari lao hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Na yule binti anayecheka pale, alikuwa amevaa nguo za pili za siku hiyo.

Mambo yalianza hivi.

Jamaa ana duka la spea Kariakoo. Kwao ni Iringa, na kila Desemba anapanda kwenda kumwona mama yake. Washkaji wanamjua kwa jambo moja: Kimara mpaka Iringa kwa saa saba. Ni kama kilomita 500, ukijumlisha foleni za malori, vijiji vya kilomita 50 kwa saa na trafiki wenye tochi zao. Yeye husimama mara moja tu, Morogoro, chai ya kunywa umesimama, kisha twende. Rekodi hiyo ameisimulia dukani, kijiweni, mpaka kwenye harusi yake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba safari zote hizo alikuwa peke yake au na washkaji. Safari hii alikuwa na familia.

Na familia yenyewe ina historia kidogo. Mke alipoolewa alikuja na binti yake, wakati huo ana miaka minne. Tangu azaliwe, mtaa mzima ulikuwa unamwita mama kwa jina la binti. Alipozaliwa dogo, ukweni wakaanza kumwita "Mama Junior". Hakuna aliyeitisha kikao kubadilisha jina, lilibadilika tu, na baada ya miezi michache hata majirani wakafuata. Wakubwa hawakuliona hilo. Binti aliliona.

Baba Junior, kwa binti, ni "anko". Sio kwamba wana ugomvi. Anko analipa ada, anamletea biskuti, hajawahi kumwinulia mkono. Lakini kila shida ya binti inapitia kwa mama kwanza. "Mama, mwambie anko tableti haichaji." Na anko mwenyewe amesimama hapo hapo, kikombe cha chai mkononi, anasikia kila kitu.

Desemba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza binti kupelekwa Iringa kwa bibi, mama yake anko. Wiki nzima mama alikuwa anamfundisha kusema "Kamwene" mbele ya kioo cha kabati, ili akifika asalimie Kihehe, bibi afurahi.

Wakaondoka saa 10 alfajiri. Kabla hajawasha gari, jamaa akageuka nyuma, mchangamfu kabisa. "Jamani, wote mmeenda chooni? Maana hii gari haisimami mpaka Morogoro!"

Alisema akicheka. Kwa mtu mzima ule ni utani. Kwa mtoto wa miaka saba ambaye hajazoea kumwomba anko kitu chochote, ile ilikuwa sheria.

Kibaha ikapita gizani. Walipofika Chalinze kulikuwa kumepambazuka, wauza mananasi wameshapanga mafungu yao. Binti akainama kwenye sikio la mama yake. "Mama, mkojo."

Mama alikuwa kiti cha nyuma, katikati ya watoto, amechoka, usiku wote alikuwa anapaki. "Mwambie anko asimame," akajibu, macho yamefumba.

Binti akamtazama anko kupitia kile kioo cha juu. Anko alikuwa anaangalia barabara, anajaribu kulipita lori. Binti akanyamaza. Mama akasinzia tena.

Kilomita kadhaa mbele jamaa akatupa jicho kwenye kioo. Akamwona binti ameweka sweta mapajani, ametulia tuli, anatazama nje bila kupepesa. Akawaza: huyu mtoto ana adabu sana, yaani hasumbui kabisa safarini.

Ndipo harufu ikafika mbele.

"Umejikojolea?" Mama alishtuka usingizini, na sauti ikatoka kali kuliko alivyotaka. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Anko alisema mpaka Morogoro."

Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Jamaa akanyoosha mkono, akazima redio.

Morogoro walisimama kwenye kituo cha kwanza cha mafuta walichokiona, na hapo ndipo walipojua kwamba sehemu nzuri ya dereva kujaza mafuta inaweza kuwa mbaya kabisa kwa watoto. Malori yanarudi nyuma huku na huku. Basi limeshusha abiria, foleni ya choo inazunguka ukuta. Ndani sakafu imelowa, mlango hauna komeo, maji hakuna. Dogo ameshika mlango wa gari anataka kushuka na kukimbia, na hapo ukikimbia hatua kumi uko chini ya tairi la lori.

Halafu nguo. Nguo za binti zilikuwa kwenye begi, begi liko chini ya gunia la mchele, gunia liko chini ya madumu ya mafuta ya kula na katoni za sabuni, zawadi za ukweni. Buti ikafumuliwa yote, mzigo ukawekwa chini mbele ya watu. Madereva wa malori wanatazama. Mama akamzungushia binti kanga, akambadilishia nyuma ya mlango wa gari.

Binti hakulia. Hakusema chochote. Hilo ndilo lililomtisha anko kuliko yote. Mtoto anayelia unaweza kumbembeleza.

Akachukua chupa ya maji na kipande cha sabuni, akaanza kusugua kiti mwenyewe. Na akiwa pale ameinama, ikamrudia siku moja ambayo hajawahi kuikumbuka kwa hiari yake. Alikuwa darasa la tatu, anatoka Iringa na baba yake mdogo kuja Dar kwa mara ya kwanza, basi limejaa mpaka mlangoni. Alibanwa. Akamwambia baba mdogo, baba mdogo akamwambia kondakta, kondakta akapaza sauti basi zima lisikie: "Dogo vumilia, kuchimba dawa bado!" Watu wakacheka. Alivumilia mpaka aliposhindwa. Kaptula ya kaki, mpya, ya safari.

Baba mdogo hakumpiga. Alifanya baya zaidi, aliigeuza hadithi. Akaisimulia kwenye kipaimara chake, akaisimulia alipomaliza kidato cha nne, akaisimulia ukumbini siku ya harusi. Kila mara jamaa alicheka pamoja na wenzake. Haikuwahi kumchekesha hata siku moja.

Akakamua kitambaa, akaenda kuchuchumaa mbele ya binti.

"Unajua na mimi ilishanitokea? Kwenye basi, watu wote wakaona. Na nilikuwa mkubwa kuliko wewe."

Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kwa bibi hatusemi. Hatumwambii mtu yeyote. Halafu kosa ni langu, nimeendesha kama vile niko peke yangu. Kuanzia sasa ukitaka tusimame unaniambia, tunasimama. Sawa?"

Binti hakujibu. Akapanda gari.

Mke hakufungua mdomo mpaka walipotoka mjini, milima ya Uluguru imebaki nyuma. "Aliniambia mimi," akasema taratibu. "Chalinze. Nikamwambia akuambie wewe. Nilitaka azoee kuongea na wewe." Akanyamaza kidogo. "Ningekwambia tu mwenyewe."

"Hata mimi ningeuliza," jamaa akasema. Yakaishia hapo.

Kuanzia pale safari ilibadilika, na kilichoibadilisha kwanza ni jambo la kawaida kabisa. Mbele yao kulikuwa na Mikumi. Barabara hii inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na humo ndani hakuna kusimama ukashuka, iwe umebanwa au mtoto analia. Wanyama wale sio wa maonyesho. Kwa hiyo ukiwa na watoto, mambo yote yanamalizwa kabla. Zamani jamaa alikuwa anapita tu bila kuliwaza hilo. Safari hii aliingia kwenye mgahawa mdogo uliojitenga na lami, una ua, una miembe miwili na kivuli cha kutosha. Kabla mtu mwingine hajashuka, mke akatangulia kukagua choo. Ni cha shimo, lakini kimefagiliwa, ndoo ya maji iko pale, sabuni ipo, mlango unafungika. Akapunga mkono: njooni.

Walikaa karibu nusu saa. Dogo alikimbiza kuku mpaka akaanguka, akainuka, akamkimbiza tena. Binti alikula yai moja la kuchemsha na nusu kiazi kitamu. Bado hakuwa anaongea, ila alikula.

Ndani ya hifadhi mwendo mwisho ni kilomita 70 kwa saa, na kuna mabango ya kukumbusha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Kwa mwenye rekodi zake, kipande hicho siku zote kilikuwa adhabu. Safari hii alishangaa kuona vitu ambavyo amevipita miaka yote. Swala wamejazana upande wa kushoto. Pundamilia wamesimama kichwa mgongoni kwa mwenzake. Halafu twiga watatu, karibu kabisa na lami.

"Wanne," sauti ikatoka nyuma. "Kuna mtoto."

Kweli, kulikuwa na mtoto nyuma ya mti. Binti alikuwa anaongea na dirisha, sio na mtu. Lakini jamaa akapunguza mwendo zaidi, mkewe akamwona, wala hakumuuliza sababu.

Ukishapita mji wa Mikumi, barabara inashuka, joto linapanda, na unaingia Ruaha Mbuyuni. Huko vitunguu vinauzwa kando ya barabara mpaka macho yanachoka. Na maeneo hayo bonde linafunguka na mibuyu inaonekana: mmoja, mitatu, mlima mzima. Desemba inakuwa na majani, kwa hiyo kivuli kipo. Jamaa alitafuta mahali panapoonekana vizuri, sio kwenye kona, penye nafasi pana ya kutoka kabisa kwenye lami. Akawasha taa za tahadhari, akaweka pembetatu nyuma. Akatangulia yeye, akapiga piga nyasi kwa fimbo na kuzunguka mti kuangalia nyoka. Mtoni hawakwenda. Ruaha Mkuu una mamba na viboko, sio mahali pa kwenda kunawa mikono na watoto.

"Unaujua huu mti?" akamuuliza binti.

Binti akatikisa kichwa.

"Ubuyu unaokula, ule mwekundu wa kwenye kikopo, unatoka humu."

Binti akamtazama mama yake kuhakikisha kama hadanganywi. Mama akaitikia. Binti akaugusa mti kwa kidole kimoja, halafu kwa kiganja. Mtoto wa Kimara ambaye amekula ubuyu maisha yake yote, hajawahi kukutana na mbuyu.

Mama ndiye aliyesema waupime. Akaweka mgongo wa simu kwenye boneti, akatega kamera na sekunde za kuhesabu, wakaupanga mkono kwa mkono kuuzunguka. Mama akamshika dogo, dogo akashika gome na kulilamba. Anko akajinyoosha upande wa pili mpaka shati likachomoka. Haikufika. Lilibaki pengo kati ya anko na mama, na wa kuliziba alikuwa mmoja tu. Binti alisimama pale sekunde kadhaa. Halafu akampa mama mkono mmoja, na mwingine akampa anko. Bado hawakuuzunguka, mbuyu ulikuwa mnene kuliko wao wote. Ndipo wakacheka. Ndiyo ile picha.

Lakini siri ya safari hiyo haiko kwenye picha. Iko mbele kidogo, chini ya Kitonga.

Kitonga kila anayepita njia hiyo anaujua. Kona juu ya kona, malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, ukishaanza kupanda huna pa kusimama mpaka umalize. Walipokaribia mlima, jamaa alishaanza kupanga gia zake kichwani, mbele yake kuna nafasi safi kabla ya lori lingine. Na hapo ikatoka sauti nyuma, ndogo lakini imenyooka:

"Anko, naomba usimame."

Sio "mama, mwambie anko." Anko.

Aliwasha indiketa, akaingia pembeni kwenye vibanda vya wauza matunda, akasimama. Malori matatu yakampita, yakaingia mlimani mbele yake, na kila anayeijua Kitonga anajua maana yake. Hakuuliza kama ni lazima. Hakuuliza kwa nini hakwenda kule kwenye mbuyu. Akashuka, akamfungulia mlango.

Binti akashuka. Akanyoosha miguu. Akatazama malori, akatazama mlima, akanawa mikono kwa maji ya dumu. Dakika mbili, tatu. Halafu akapanda tena kwenye gari, akafunga mkanda.

Chooni hakwenda.

Mama akafungua mdomo kusema kitu. Jamaa akamtazama, akatikisa kichwa kidogo. Mama akaufunga. Wakapanda Kitonga nyuma ya malori matatu, taratibu, vioo vimeshushwa, hewa inaanza kuwa ya baridi.

Waliingia Iringa saa 9 alasiri. Bibi alikuwa ameketi nje tangu saa 6, kanga mabegani, simu mkononi. Binti akapiga goti na "Kamwene" yake, bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akamgeukia mwanawe. "Wewe si huwa unafika saa 5? Nilishaanza kuogopa. Kulikoni njiani?"

Binti aliinua uso. Alikuwa anamtazama anko usoni, na hakupepesa.

"Hakuna kitu, mama," jamaa akasema. "Tulikuwa tunasimama simama. Tumeona twiga wanne."

"Na mmoja mtoto," binti akaongeza.

Safari ya kurudi, baada ya Mwaka Mpya, gari lilipakiwa tofauti. Begi la watoto likakaa juu kabisa, nguo jozi mbili kila mmoja, taulo, na ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya nguo zilizolowa, ambayo usiku inamfaa dogo kama poti. Dumu la maji na sabuni vikakaa nyuma ya kiti cha dereva. Kanga moja haifungwi kwenye mzigo, maana ndiyo ukuta wa choo pale ambapo choo hakuna. Chakula ni mayai, viazi, ndizi. Chipsi za mafuta mengi kabla ya kona za Kitonga huishia kwenye kiti. Wanasimama kila baada ya saa mbili, aliyeomba na asiyeomba. Mahali pa kusimama panatakiwa kuwa na ua, kivuli na nafasi ya kukimbia mbali na malori. Mmoja anatangulia kukagua choo ndipo wengine washuke. Watoto wanakimbia kwanza, wanakula baadaye.

Na kuna sheria moja imewekwa juu ya zote: anayetaka kusimama anamwambia dereva mwenyewe, na dereva haruhusiwi kujibu "vumilia kidogo."

Binti bado anamwita anko. Huenda itabaki hivyo, huenda itabadilika, hakuna anayemharakisha. Ila tableti ikigoma siku hizi, anamwambia mwenyewe.

Na jamaa dukani bado anatamba na rekodi yake. Kimara mpaka Iringa, saa 11. Anasema ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuweka.

Wewe na familia yako, mkisafiri huwa mnasimama wapi?